Nta Iliyowekwa Kando

Babu yangu Genpachi alikuwa haongei, ananong'ona. Ndivyo nilivyomkuta, na ndivyo baba yangu alivyomkuta. Shingoni, upande wa kushoto, alikuwa na kovu refu la risasi ya vita vya ngome, na mtaa wetu mzima hapa Wakamatsu ulijua kwamba risasi ile ndiyo iliyomwibia sauti. Akitaka maji alinyoosha kidole. Akitaka moto uongezwe chini ya nta aligonga bakuli. Wateja wageni walidhani ana maringo. Wenyeji walimwinamia kuliko walivyomwinamia baba, maana alikuwa askari wa upande wetu, upande ulioshindwa, na waliosalia walikuwa wachache.

Sisi ni watengeneza mishumaa. Duka ni la ukoo wa bibi, si la babu. Yeye aliingia kwa ndoa akachukua jina la ukoo wa mkewe, kama afanyavyo mwanamume anayeoa nyumba isiyo na mrithi wa kiume. Mrithi alikuwepo zamani, kaka yake bibi, aliyeitwa Sakichi. Wakati majeshi ya serikali mpya, ya watu wa magharibi ya Japani, yalipoizingira ngome na mji ukawa unaungua, ndani ya ngome walikosa hata mwanga wa kufungia vidonda. Sakichi alijaza kikapu mishumaa, akakitia mgongoni, akatoka jioni kuipeleka. Hakurudi.

Baada ya ngome kusalimu amri, mwanamume mmoja alisimama mbele ya kile kilichobaki cha mlango wetu. Shingo yake ilikuwa imefungwa matambara, hawezi kusema. Alivaa koti la Sakichi, lenye alama ya duka letu mgongoni, na mkononi alishika kikapu kitupu. Mama yake bibi alimuuliza mambo naye akajibu kwa mikono: nilikuwa naye, amekufa, amenipa hili. Akaingizwa ndani. Alipopona akashika kazi ya nta, na mwaka wa pili au wa tatu akapewa bibi.

Koti lile walilizika. Mwili haukupatikana. Babu aliulizwa Sakichi aliangukia wapi, akaonyesha mtoni, akapitisha mkono hewani kama maji yanavyokwenda. Basi katika kaburi la ukoo wetu, penye jina la Sakichi, pana koti tu. Bibi Tose hakulimeza jambo hilo hata siku moja. Kila kiangazi, siku za kuwakaribisha wafu nyumbani, alifuta lile jiwe kwa kitambaa na kuniambia maneno yaleyale.

"Nimezika nguo. Watu wanazika watu, mimi nimezika nguo. Nipate hata mfupa mmoja, Sen. Nisipoupata nitakuja kulala hapa kando ya koti."

Na babu alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji, kichwa chini.

Baba yangu, Tokuji, alikuwa mtu wa hasira za vita ambavyo yeye mwenyewe alizaliwa vimekwisha. Mtu wa magharibi hakumuuzia kitu. Aliwahi kuja ofisa mmoja wa serikali, wa kule Choshu, magharibi, kutaka mishumaa ya kupeleka kwao kama zawadi. Rafu zote zilikuwa zimejaa. Baba akamwambia imekwisha. Yule ofisa akatazama rafu, akamtazama baba. Baba akasema, "Hiyo unayoiona ni ya watu." Kisha akatuigizia usiku kucha matamshi yake, vile watu wa kule wanavyovuta maneno mwishoni, na sisi tukacheka mpaka machozi. Babu hakucheka. Tulidhani koo linamuuma.

Mimi nilisoma shule ya msingi, nikarudi dukani kuchora. Mishumaa yetu inachorwa maua, na maua ya duka letu yanajulikana kwa kupinda shingo kidogo kushoto. Hilo lilitoka kwa bibi. Tangu utotoni mkono wake unakwenda hivyo, na mimi niliyefundishwa naye, wangu pia. Mchoraji hukaa kimya muda mrefu, kwa hiyo huona mambo. Niliona, kwa mfano, kwamba babu alikuwa na nta yake peke yake.

Nta yetu inatoka kwenye vitunda vya mti ambao utomvu wake ukikugusa ngozi inavimba na kuwasha kama moto. Vitunda tunanunua kwa wakulima. Lakini kulikuwa na mti mmoja babu aliokwenda kuuchuma mwenyewe kila vuli, peke yake, kule juu ya hekalu, mwisho wa makaburi ya zamani ya wasio na jamaa. Aliupanda yeye. Akirudi mikono imefura hadi viwikoni, nami naponda kaa wa mtoni na kumpaka babu maji yake, ndiyo dawa. Vitunda vile alivikamua mbali, nta yake akaiweka katika chungu cheusi kidogo, na kutokana na hiyo alitengeneza mishumaa miwili tu kwa mwaka, ya kuwasha mbele ya madhabahu ya nyumbani siku aliyokufa Sakichi. Nikipeleka mkono kwenye kile chungu alinigonga vidole kwa kijiti cha utambi. Taratibu, lakini alinigonga.

Vuli moja alirudi kutoka kwenye mti ule akaanguka mlangoni. Mguu mmoja ukafa ganzi, na akili ikaanza kutoka na kurudi. Akawa ananitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. Mikono peke yake ndiyo iliyobaki mizima.

Ikafika siku ya kutwanga mochi za mwaka mpya, mikate ya wali wa kunata. Majirani wanakuja kwetu kwa sababu kinu chetu ni kikubwa. Baba alishika nyundo ya mbao, bibi akigeuza wali wa kunata ndani ya kinu kati ya pigo na pigo, na Mama Riyo, muuza tofu ya soya, alikaa kando akipepeta unga wa kunyunyiza na kupepeta watu.

"Piga, Tokuji. Huo ni wali, si kichwa cha mkweo."

"Mikono yako inafanya nini, Mama Riyo, mbali na kunihesabia?"

"Mimi nimekuja na mdomo. Mikono nimeiacha kwenye tofu."

Babu tulimkalisha pembeni ya jiko, amefunikwa blanketi la pamba. Donge la kwanza likaja moto kwenye ubao. Kwetu donge hulitandaza likawa kama ubao mwembamba, tukaliacha lipoe, na kesho yake tukalikata vipande vya mraba. Mochi ya duara ni ya madhabahuni tu, kubwa, mbili, moja juu ya nyingine. Ya kula ni ya mraba. Sijawahi kuona nyingine.

Kabla bibi hajachukua mti wa kutandazia, mikono ya babu ilitoka chini ya blanketi. Akashika ukingo wa donge, akaminya kwa kidole gumba na cha shahada, akanyofoa kipande, akakizungusha ndani ya kiganja, akakiweka chini. Kiduara. Akanyofoa kingine. Hakuwa anatazama hata. Alikuwa anatazama moto, na mikono inakwenda, na vile viduara vinajipanga mbele yake, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja.

"Genpachi, umeanza kutaga?" Mama Riyo akasema, na wote tukacheka.

Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Nilimwona. Ule unga ukawa unamwagika kutoka kwenye chungio naye hauoni.

"Walikuwa wanafanya hivyo wale," alisema. "Wale askari wa Choshu waliolala kwetu ule msimu wa baridi. Nilikuwa mtoto, nimekaa nyuma ya mlango nawaangalia. Walikuwa wanaminya hivyohivyo. Na kidole hichohicho."

Nyundo ya baba ilikuwa juu. Ilibaki juu.

"Ni za madhabahu," bibi akasema. "Nimemwambia mimi. Mwaka huu nataka ndogondogo, kila mfu wetu na yake."

"Aa," Mama Riyo akasema, na kifua chake kikashuka. "Za madhabahu. Ungesema basi, Tose. Nimeshaona mazimwi mchana."

Wakaendelea. Baba akapiga. Lakini mimi nilikuwa ubavuni kwa bibi tangu asubuhi, na bibi hakuwa amemwambia babu neno lolote. Nilimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Majirani walipoondoka na mafungu yao, baba akaketi kumimina chai. "Mzee amerudi utotoni," alisema. "Si huwa wanafinyanga udongo? Ndiyo hivyo."

 Mimi nilikuwa nimeinjika sufuria ya mchuzi wa miso ya soya, na kwenye makaa nilitega wavu, maana kwetu mochi huchomwa kwanza ikavimba, ndipo inaingia kwenye mchuzi. Nikachukua mochi moja katika vile viduara nikaiweka juu ya wavu. Babu akanyoosha mkono akaitoa. Akaitumbukiza kwenye sufuria vilevile ilivyo, mbichi.

"Usiichome, mama," alisema. "Iache ichemke iwe laini."

Nieleze vipi? Haikuwa sauti ya kunong'ona. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa kuita mtu ng'ambo ya mto akasikika. Nzima, nene, haina mkwaruzo. Na mwisho wa maneno uliburutika, vilevile baba alivyokuwa akiburuta alipomwigiza yule ofisa.

Birika lilimponyoka baba, chai ikaingia majivuni. Hakuna aliyeliokota.

Mimi umri wangu wote nilikuwa nikimsikia mtu huyu akinong'ona. Nilikuwa nimemsogezea sikio mdomoni maisha yangu yote. Na ile sauti ilikuwa humo ndani muda wote, imekaa, inasubiri nini?

Bibi akajongea kwa magoti mpaka mbele yake.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

Babu alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mwenye nyumba ya wageni. "Kumazo, mama. Mtoto wa Yohei mtengeneza mapipa, wa Hagi, kule Choshu."

"Ana homa," baba akasema. "Mama, ana homa, anaota. Ni mimi nilimtia maigizo yale kichwani. Baba. Baba, nitazame. Wewe ni Genpachi."

"Nyamaza, Tokuji."

"Hawezi kuwa..."

"Nimesema nyamaza."

Kisha bibi alifanya jambo ambalo mpaka leo silielewi alilipata wapi. Hakumpigia kelele mumewe. Alijiweka sawa, akavuta kola ya kimono yake, akazungumza na yule kijana aliyekuwa mbele yake, kama mama anayempokea mgeni.

"Umetoka mbali, Kumazo. Wewe ni askari?"

"Wa miguu tu. Bunduki wamenipa mwaka huu."

"Na hilo koti ulilovaa? Si lenu hilo."

Babu alikuwa amevaa blanketi. Lakini alijitazama kifuani na kulishikashika.

"La yule mwenye mishumaa," alisema. Kisha ikaanza kumtoka, bila kuulizwa, kama pipa lililong'olewa kizibo. Alikuwa zamu kando ya mto. Jioni, moshi. Akamwona mtu anakimbia kuelekea ngomeni, kikapu kizito mgongoni. Akajua ni risasi anawapelekea. Akafyatua. Yule mtu akaanguka na kikapu kikafunguka.

"Maua, mama. Mishumaa imechorwa maua. Imetapakaa kwenye matope, myeupe, na maua. Nilidhani nimerogwa."

Bibi alikuwa haonekani kupumua.

"Akafa palepale?"

"Hapana. Mpaka alfajiri. Nilikaa naye. Alikuwa anataka kuongea, na mimi nilikuwa sina pa kwenda. Alisema kwao wana duka. Alisema ana dada mdogo anachora maua hayawezi kusimama, yote yamepinda shingo, na mama yao anaona haya kuyauza. Alikuwa anacheka, kisha anaumia kwa kucheka. Akasema, nipelekee kikapu nyumbani. Vaa koti langu, usiku ni wa baridi."

Niliutazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa na rangi nyekundu ya maua niliyochora jana yake.

"Na shingo?" bibi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka sasa, ndiyo iliyokuwa ya kunong'ona. "Nani alikupiga shingoni?"

"Wenzangu. Nimembeba, nimevaa koti lake, ukungu. Wakadhani ni mtu wenu." Akagusa kovu. "Imekwaruza tu. Lakini nikifungua mdomo mtajua nimetoka wapi."

"Umembeba kumpeleka wapi, Kumazo? Mtoni?"

"Mtoni kwa nini? Juu ya hekalu. Kule kwa wasio na jamaa, mwisho kabisa. Nimemfunika vizuri. Nitapanda mti wa nta pale. Watu wanaogopa utomvu wake, hakuna atakayemchimbua."

Aliposema hivyo alitazama sufuria, akaomba bakuli. Nilimpa. Mikono yangu ndiyo iliyompa, mimi sikuwepo. Akala ile mochi laini iliyochemka, akafuta mdomo, akalala.

Baba alitoka nje bila viatu kwenye theluji. Mimi nilibaki nikitazama madhabahu. Juu yake kulikuwa na kipande cha mshumaa wa mwisho wa Sakichi, wa vuli ile. Mizizi ya mti ule ilikuwa wapi, na nta ile ilitoka wapi, na ni mara ngapi nimeuwasha mimi mwenyewe na kuinamisha kichwa mbele ya moto wake, sikutaka kufikiri lakini nilifikiri. Bibi naye alikuwa anatazama hapohapo. Tulijua tunafikiri kitu kimoja.

Kulipopambazuka baba alikuwa tayari amefunga nguo za babu katika furushi.

"Aende banda la kuni," alisema. "Hawezi kulala chini ya paa moja na madhabahu ya mjomba."

"Mbebe basi," bibi akasema.

Baba akainama kumbeba.

"Ukimtoa, toa na chako chote ulichochukua kwake," bibi akaendelea, hata hakupandisha sauti. "Anza na vidole hivyo. Vitazame. Gumba hilo ni la kwetu? Baba yangu hakuwa na gumba kama hilo. Sakichi hakuwa nalo. Umetembea mtaa mzima unamtukana mtu wa Choshu, na umemvaa mwilini."

Baba aliitazama mikono yake, halafu ile iliyokuwa juu ya blanketi. Yalikuwa yaleyale magumba mapana, yenye kucha bapa. Nilikuwa nimeyaona siku zote bila kuyaona. Alikaa chini mlangoni, furushi mapajani.

"Usikae," bibi akamwambia. "Chukua jembe."

Mama Riyo alikuja kumwangalia mgonjwa. Sisi watatu tukapanda hekaluni. Mtawa alimsikiliza bibi mpaka mwisho, akafunga macho kidogo, kisha akauliza kama tunalo jembe la pili.

Theluji ilifika magotini, lakini chini yake ardhi ilikuwa laini. Ule mti ulisimama uchi, na vishada vichache vya vitunda ambavyo babu hakuwahi kuvimaliza. Baba alichimba bila kusema. Akakata mzizi, akakata mwingine. Jembe likagonga chuma. Ilikuwa bunduki, imeoza kwa kutu, mabaki ya mkeka bado yameishika. Bunduki ya kwao. Babu aliizika pamoja na yule aliyeuawa nayo.

Mpaka hapo, nadhani baba alikuwa bado anangoja tukute udongo mtupu. Alishika ile bunduki kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asijue amweke wapi.

Chini yake alikuwepo Sakichi. Mizizi ilikuwa imepita katikati ya mbavu zake na kutokea upande wa pili, myembamba, mingi, kama nywele. Bibi aliingia shimoni mwenyewe. Alifuta udongo usoni kwa kitambaa kilekile cha kufutia jiwe. Meno ya mbele, moja lilikuwa limevunjika nusu.

"Hili nilimvunja mimi," alisema. "Kwa mwiko wa nta. Alinicheka maua yangu."

Akaketi palepale shimoni, akacheka, na kicheko chake kikanitisha kuliko kilio chochote nilichowahi kukisikia. Baba alinyoosha mkono kumtoa. Aliukataa kwanza. Kisha akaushika.

Tulimpanga ndani ya kikapu cha mishumaa, kilekile cha zamani, tulichopanda nacho. Baba alikitia mgongoni, tukashuka naye mpaka kaburi la ukoo. Bibi aliuweka kila mfupa kwa mkono wake. Hakuzungumza, ila mwishoni alisema, "Koti lako limo humo. Jifunike."

Tuliporudi, Mama Riyo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

"Amekwenda, Tose. Sasa hivi tu. Alikaa kitako, akaita watu." Alimtazama bibi, kisha baba mwenye matope hadi kifuani, kisha mimi. "Aliita kwa sauti kubwa, kwa matamshi ya kule. Nyumba nzima imesikia."

"Nani amesikia?" bibi aliuliza.

Mama Riyo alifikiri. Baba yake aliuawa vita vile, nyumba yao ikachukuliwa. Angeweza kutoka na habari hiyo mtaani na kabla ya chakula cha mchana duka letu lisingekuwa na mteja.

"Mimi masikio yangu siku hizi mabovu," alisema. "Ngoja nikachemshe maji ya kumwosha."

Ilibaki moja, na baba ndiye aliyeiuliza, akiwa amesimama mbali na maiti. "Tutamweka wapi? Mama, si pale. Usiniambie pale, kando ya mjomba."

"Nani amesema pale?" bibi akajibu. "Kule juu kuna shimo liko wazi. Unataka tuingie mwaka mpya na shimo wazi?"

Watu waliambiwa kwamba mzee aliomba alale chini ya mti alioupanda. Walisema, angalieni, askari wetu asiyependa makuu. Walikuja wengi, wakainama. Baba alipokea pole zao moja baada ya nyingine, na kila aliyesema "alikuwa shujaa wetu" baba alifumba macho kama amerushiwa mchanga. Bunduki aliirudisha shimoni yeye mwenyewe. Sikumwona akilia, ila niliona anailaza polepole.

Mwaka ule hatukula mochi, tulikuwa na msiba. Vile viduara vilikaa madhabahuni mpaka vikapasuka. Siku moja nilimkuta bibi jikoni amevichemsha, vyote, na anakula kimoja akiwa amesimama.

"Kumbe ni laini," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Akala na kingine.

Nilidhani mti ule utakufa kwa mizizi tuliyoikata. Haukufa. Vuli iliyofuata ulizaa kuliko zamani. Sikutaka kwenda. Bibi alinipa kikapu bila kusema kitu, nikaenda. Nilirudi mikono imefura hadi viwikoni, inawaka. Baba alinitazama, akatoka, na baada ya muda akarudi kutoka mtoni na kaa kwenye kitambaa. Akawaponda mwenyewe. Akanipaka kwa gumba lile pana, akitazama ukutani.

Nilipokwisha kukamua nikainua nta niimimine kwenye chungu kikubwa, pamoja na nyingine, iishe. Kijiti cha utambi kikanigonga vidole.

"Weka kando," bibi alisema.

"Ya nani sasa, bibi? Sakichi yuko kwake."

"Tengeneza kwanza."

Nikatengeneza miwili, kama ilivyokuwa siku zote. Ilipokauka bibi aliuchukua mmoja, akauchora ua, shingo imepinda kushoto kuliko zote alizowahi kuchora. Kisha akaushika wa pili, akauzungusha mkononi muda mrefu, kalamu imelowa rangi na rangi inadondoka kwenye goti lake.

"Huu uache mweupe," alisema, akanikabidhi. "Kampelekee kule juu."